Sisahau

Baba alimpa mbwa jina Sisahau
ili kila jioni, akishafungua geti,
asimame juu ya kilima chetu cha Goba
alirushe jina lile ng'ambo ya ukuta:
Sisahau! Sisahau!
Upande wa pili Mzee Mbonea huizima redio.
Ugomvi wao ulikuwa futi tatu za ardhi
na jiwe la mpaka lililohama, au halikuhama,
usiku mmoja wa mvua.

Mbwa hakuwahi kuja.
Aje kwa lipi? Jina halikuwa lake.
Lilikuwa barua, yeye bahasha tu.

Baba alitutoka mwezi wa nne.
Nimerithi nyumba isiyopigwa lipu,
kesi iliyolala baraza la ardhi la kata,
na mbwa wa kikahawia, sikio moja pungufu,
anayetoroka kila geti likipumua.
Jumanne aliingia vichochoroni.
Jumatano vijana wa bodaboda wakamrudisha,
wamemfunga mkanda wa suruali,
wakataka elfu mbili na maji ya kunywa.

Nikaanza na a, e, i.
Kamba ya kuanikia nguo, mita kumi.
Mfukoni firigisi za kuchemsha, nimezikata
ndogo kama kucha ya mtoto.
Hatua mbili: Sisahau.
Akigeuza shingo tu, firigisi.
Hatua tano. Akanitazama, akamtazama kuku.
Akamchagua kuku.

Binamu yangu Elirehema, aliyewahi kulinda bandarini
na mbwa wa kazi, ananielekeza kwa simu:
Usiite mara mbili.
Ukiita mara mbili, umemfundisha
kwamba ya kwanza ni utani.
Ukitaka kumwogesha usimwite, mfuate.
Na akija, hata akichelewa,
hata kama giza limeingia na hasira imekufika kooni,
mpokee kana kwamba ulikuwa unapita tu,
mkakutana kwa bahati.
Akikikuta kiboko mlangoni,
hatakiogopa kiboko. Atauogopa mlango.

Nikashika simu, nisiseme kitu.
Miaka sita nilikaa Morogoro.
Namba ya Baba ilikuwa ikiita, ikiita,
mara mbili, mara saba,
nami naitazama inavyotetema mezani,
nikijua ninaitiwa nini.

"Tumsifu, uko hewani?"
Niko, nikamwambia. Endelea.

Wiki ya tatu nikagundua:
mwanzo wa jina haumfikii.
Upepo wa kilimani unaula.
Kinachomfikia ni ule mkia, hau,
karibu sauti yake mwenyewe.
Basi nikalikata jina kichwani.
Ile *si* nikamwachia mwenye nayo,
alale nayo huko Same, chini ya saruji.

Saa kumi na mbili jioni. Geti wazi.
Kwa Mzee Mbonea wanakaanga vitunguu.
Mbwa yuko kule bondeni wanakofyatua matofali,
anafukua, kamba haina mtu.
Nikajaza kifua.

Sahau!

Mara moja. Nikauma ulimi usiongeze.

Mashine ya tofali ikanguruma, ikanyamaza.
Mtoto akapita na ndoo kichwani.
Kisha kamba ikaonekana inaburuzwa na vumbi,
inapanda, inapotelea kwenye mihogo, inapanda tena,
na mbele yake sikio moja na nusu.
Akanigonga magoti nusura nianguke.
Nikampa firigisi zote, na mfuko nikaugeuza
aulambe ndani.

Ng'ambo, redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.
Nikasubiri izimwe.
Haikuzimwa.
Mtu alikohoa tu, kikohozi cha kizee,
kama anayetaka kuuliza jambo, akaghairi.

Jiwe la mpaka bado liko pale lilipo.
Sijui la nani kasema kweli.
Kila asubuhi mbwa hulifikia,
hulinusa pande zote kama afisa wa ardhi,
huinua mguu, hulipa haki yake.
Kisha namwita.
Anakuja.